Elimu ya Msitu na Mto: Je, ni Mali ya Wageni?

Kuna neno linalosemwa sana hapa Kindu. Twalisikia barazani, twalisikia sokoni, hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa. Kijana amemaliza sekondari, ana diploma yake ya Serikali mkononi, anamwambia baba yake kwamba angependa kuendelea na elimu ya mazingira. Baba anacheka. "Mazingira? Hiyo ni kazi ya Wazungu na ya walinzi wa nyani. Soma sheria, soma udaktari, soma uhasibu, upate meza na kiti." Mama naye anaongeza kwa upole: "Mwanangu, msitu husomwa wapi? Babu yako aliujua wote bila kitabu."

Neno hilo twalipinga, tena kwa nguvu. Hatusemi kwamba wazazi hao ni wajinga. Wana sababu zao, nasi tutazitaja. Twalipinga kwa kuwa ni neno la hasara. Wakati sisi tunacheka, msitu wetu wa Maniema unapimwa kutoka angani, mito yetu inachimbwa, ardhi yetu inachorwa katika ramani zinazowekwa Kinshasa na Ulaya. Kila anayepima huandika, na kila anayeandika hupata neno la kusema siku ya shauri. Asiyepima hukaa nje ya nyumba akingoja kuambiwa wengine wamepatana nini.

Tueleze kwanza elimu hiyo ni kitu gani, maana wengi huipinga bila kuitazama. Ni maarifa ya udongo, maji, hewa, miti na wanyama, na jinsi vinavyotegemeana; na zaidi ya hayo ni maarifa ya yale ambayo binadamu amevitendea vitu hivyo. Ni elimu ya hesabu. Huuliza: mwaka jana maji yalifika wapi, na mwaka huu yamefika wapi? Shamba hili limepumzika miaka mingapi? Samaki huyu amekula nini kabla ya kuingia katika sufuria yetu?

Chukueni mfano wa mbali. Mwaka 1958 Mmarekani mmoja, Charles Keeling, alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii. Katika kila sehemu milioni moja za hewa alikuta kiasi cha sehemu 315 za hewa ya ukaa, ile inayotoka katika moto na katika mashine zinazochoma mafuta na makaa ya mawe. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: kupima, kuandika, na kesho kupima tena. Leo hesabu hiyo imepita 420. Hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi linavyozuia joto la mwili, na ndiyo maana dunia inazidi kupata moto. Hakuna mtu ambaye angelijua jambo hilo kwa macho wala kwa pua. Lilijulikana kwa daftari.

Sasa geuzeni macho mtazame kwetu. Msitu wa bonde la Kongo ni wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya nchi za joto, baada ya ule wa Amazon. Kila siku msitu huo huvuta hewa ya ukaa na kuitoa. Ni lini basi ulisimamishwa mnara wa kwanza katika bonde zima wa kupima pumzi hiyo? Mwaka 2020, huko Yangambi, chini ya Kisangani. Mnara wa mita 55. Tangu Hawaii mpaka Yangambi ni miaka 62. Muda huo wote watu walikuwa wakizungumza juu ya msitu wetu katika mikutano mikubwa, wakiukisia kwa mbali, kama mganga anayetoa dawa kwa mgonjwa asiyepata kumgusa.

Wazee wanaoishuku elimu hii wana haki yao, na asiyeijua haki hiyo hatafaulu kuwavuta. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri kwamba kila mtu alime mazao aliyoagizwa, siku 60 kwa mwaka. Pamba, mpunga, na kadhalika. Agronomu alifika kijijini na daftari na kamba ya kupimia. Ambaye shamba lake halikutimia alitozwa faini au alifungwa, na wengine walionja kiboko. Kisha, tangu mwaka 1933, pale pale Yangambi pakawa makao ya INEAC, chuo kikubwa cha kuchunguza kilimo cha nchi za joto. Hatukatai kwamba wataalamu wale walijifunza mengi, hasa juu ya udongo na jinsi msitu unavyorudi katika shamba lililoachwa. Lakini yale waliyojifunza yalirudi vijijini kwa sura gani? Kwa sura ya amri: hamieni hapa, kateni kwa mstari ulionyoka, pandeni hiki, msipande kile. Mwenye shamba hakuulizwa. Basi mzee akimwona mtu na kamba ya kupimia, moyo wake humwambia: huyu amekuja kuchukua.

Wala kuchukua hakukuanza na Wabelgiji. Kiswahili hiki tunachokiandika kilifika Maniema kwa njia ya pembe za ndovu. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip alijikita Kasongo, na pembe zikabebwa mabegani mwa watu mpaka Tabora na Unguja, zikapanda merikebu, na nyingi zikaishia Connecticut katika Marekani kukatwa vibao vya piano. Baadaye ikaja zamu ya mpira, na tangu miaka ya 1930 zamu ya bati kule Kalima, chini ya kampuni ya Symétain. Mwaka 1976 makampuni ya bati yaliunganishwa kuwa Sominki. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, na kampuni ikadhoofika mpaka ikafa. Migodi ikabaki mikononi mwa wachimbaji wa sururu na karai. Katika safari hiyo ndefu, hesabu ya kilichotoka iliandikwa vizuri sana, kwa kilo na kwa franga. Hesabu ya kilichobaki, yaani mashimo, maji machafu na vijito vilivyohamishwa njia yake, ni nani aliyeiandika?

Tazameni sasa dawa wanayoileta hao wanaosema elimu hii tuwaachie wageni. Kwa kuwa mgeni alipima ili achukue, basi tumwachie apime peke yake! Je, mtu aliyeibiwa na mwenye mizani hujilinda kwa kukataa kujifunza kusoma mizani?

Mfano mwingine ni wa karibu. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakizunguka katika misitu ya kati ya mito Tshuapa, Lomami na Lualaba walifika Opala, katika Tshopo. Nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi walimkuta tumbili mdogo amefungwa kamba, uso wake mrefu, macho yake makubwa kama ya mtu anayewaza. Wakauliza jina lake. Wakaambiwa: lesula. Kila mwindaji wa pande zile alimjua lesula, sauti yake ya alfajiri, na ladha ya nyama yake pia. Mwaka 2012 watafiti waliandika habari zake, wakampa jina la Kilatini, Cercopithecus lomamiensis, na magazeti ya dunia yakatangaza kwamba amegunduliwa tumbili mpya. Mpya! Kwa haki ni lazima tuseme kwamba watafiti wale hawakulificha jina la wenyeji. Mpaka leo ulimwengu mzima humwita lesula. Lakini sisi twauliza swali jingine. Kati ya shule zote za nchi ile, ni mwalimu gani aliyewahi kuambiwa alipokuwa akisomeshwa kwamba yule mnyama wa uani anastahili ukurasa? Walimu walifundishwa kumchora simba ubaoni, mnyama ambaye watoto wa msituni hawatamwona kamwe.

Mwaka 2016 Serikali iliweka Hifadhi ya Taifa ya Lomami katika mikoa ya Tshopo na Maniema, karibu kilomita za mraba 9,000, makao ya lesula, bonobo, okapi na ndovu wa msituni. Sisi twaiona kuwa ni jambo jema. Lakini hifadhi huwa na mipaka, na mipaka huwa na watu wa pande zote mbili, na nyama ya pori inayofika Kindu kwa baiskeli na kwa mitumbwi hutoka mahali fulani. Wawindaji wakiulizwa kwa nini mnyama fulani asiuawe, wastahili kujibiwa na mtu anayejua hesabu ya wanyama hao na anayejua pia shida ya nyumba zao. Mtu huyo afaa awe nani, kama si mtoto wao aliyesoma?

Na watoto wa mjini, je? Kila siku wanavuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli, wala hawajui kwamba wamevuka mpaka mkubwa kuliko mipaka mingi ya mataifa. Bonobo huishi upande wa kushoto tu wa mto huu. Sokwe wa kawaida huishi upande wa kulia. Wote wawili hawajui kuogelea. Wataalamu husema kwamba maji ndiyo yaliyowatenga, zamani sana, hata wakawa jamii mbili. Jambo hilo mtoto wa Tokyo hulisoma katika kitabu chenye picha. Mtoto wa Kasuku au Mikelenge anaishi juu yake, hana habari.

Tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo cheko la baba huwa la hatari. Tarehe 2 Agosti 2014 Serikali ilitoa dekreti namba 14/018. Kwa dekreti hiyo jamii ya wenyeji yaweza kuomba msitu wake wa mababu uwe wake kisheria, mpaka hekta 50,000, bila malipo na bila mwisho wa muda. Twarudia: bila malipo na bila mwisho wa muda. Tangu siku za Bula Matari hatujapata kusikia sheria inayokaribia hiyo. Lakini msitu huo hautolewi kwa maneno ya mdomo. Hutakiwa ramani. Hutakiwa kuonyesha kijito gani ni mpaka na kilima gani ni cha majirani, na majirani wakubali. Halafu hutakiwa mpango: wapi watu watalima, wapi watawinda, wapi hapataguswa, miti gani ipo na ni mingapi. Mzee anayajua hayo yote, kweli, mama alisema kweli: babu aliujua msitu bila kitabu. Lakini maarifa ya babu hayaingii katika ofisi ya gavana mpaka yapate mtu wa kuyatia katika ramani. Kijiji kisicho na mtu huyo humwajiri mgeni, humlipa au huahidi kumlipa, naye huchora kama aonavyo. Mwisho kapita na wazee wanatia kidole gumba chini ya karatasi. Mstari umepita juu ya kaburi la nani, watajua baadaye.

Hali ni hiyo hiyo katika migodi. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, humlazimu mwenye kampuni kutoa uchunguzi wa madhara atakayoyaleta juu ya maji, udongo na watu. Karatasi hizo huwa nene, zimejaa Kifaransa kigumu na tarakimu. Nani wa upande wetu atazifungua na kusema, "Bwana, ukurasa huu umesema uongo, kijito hiki hakitiririki kama ulivyoandika"? Mwanasheria hawezi, ingawa twamheshimu. Hakufundishwa kijito.

Sasa tuseme juu ya samaki, maana ni neno la kila nyumba. Dhahabu inachimbwa katika Maniema na katika Kivu jirani, na sehemu kubwa ya maji ya nchi hizo huishia Lualaba. Elila na Ulindi huingia mtoni chini ya Kindu. Mwaka 2016 shirika la Global Witness, la London, lilitoa taarifa juu ya mashine zilizokuwa zikinyonya mchanga wa dhahabu katika Ulindi, upande wa Shabunda, miaka ya 2014 na 2015. Watu wa London, tena! Na panapochimbwa dhahabu, mara nyingi zebaki haiko mbali. Mchimbaji huichanganya na mchanga mzito, nayo hushika chembe za dhahabu. Kisha huichoma motoni, mvuke ukapanda, dhahabu ikabaki. Mvuke huo huuvuta yeye na mtoto aliyeketi karibu. Inayomwagika huingia majini. Ndani ya tope vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa sumu nyingine kali zaidi, ambayo haitoki mwilini upesi. Mdudu huila kidogo, samaki mdogo hula wadudu wengi, samaki mkubwa hula wadogo wengi. Haba na haba hujaza kibaba: yule samaki mkubwa anayegombewa sokoni, ambaye mgeni wa heshima huandaliwa, ndiye aliyebeba sumu nyingi kuliko wote. Kumpika hakuiondoi.

Madhara yake hatuyakisii, maana yalionekana Japani. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka mingi. Paka walianza kuyumba na kuruka kama wenye wazimu. Mwaka 1956 ugonjwa ulitangazwa kwa watu: mikono kutetemeka, macho kufifia, ulimi kushindwa kusema. Kina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika viungo na akili, kwa kuwa sumu ilipita kwa mtoto tumboni. Serikali yao ilikiri kwa wazi chanzo chake mwaka 1968 tu, miaka 12 baadaye, ingawa kule kulikuwa na madaktari, vyuo vikuu na magazeti. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliotiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo.

Mama mjamzito anayenunua samaki hapa Kindu, akitaka kujua kama yu salama, amwulize nani? Hatusemi hivi ili watu waogope samaki wa Wagenya. Samaki ni chakula chetu, na kuvitangaza vitisho bila vipimo ni dhambi ya upande wa pili. Twasema kwamba hofu na uzembe vyote viwili hukaa mahali pamoja, mahali pasipo na kipimo.

Mpaka hapa msomaji amefurahi, kwa kuwa tumewasema wageni na makampuni. Asubiri kidogo. Elimu hii haina upendeleo, nayo itatushika na sisi pia. Wataalamu walichunguza picha za setilaiti za bonde la Kongo za tangu mwaka 2000 mpaka 2014, wakatafuta ni nini kilichokata msitu. Wakakuta kwamba asilimia 84 ya eneo lililoguswa lilikatwa na wakulima wadogo, kwa shoka, panga na moto. Si trekta, si kampuni ya mbao. Ni sisi, na mihogo yetu, na mpunga wetu, na makala tunayopikia sombe.

Wako watakaokasirika wakisoma hayo. Watasema ni uongo wa wageni wanaotaka kutuondoa msituni. Wala hatushangai, maana wako kweli wageni wanaoitumia tarakimu hiyo kama fimbo: mkulima ndiye mwovu, afukuzwe. Lakini jibu la tarakimu ni maarifa zaidi, hasira hazijibu kitu. Anayejua kazi hii atauliza: mkulima huyo amekata msitu wa kale, au amerudi katika kichaka cha baba yake? Zamani shamba lilipumzishwa miaka mingi, pengine 15 au zaidi, mpaka miti ikarudi na udongo ukapata nguvu. Sasa watu wamekuwa wengi, vita vimewasukuma wengi kukaa kando ya barabara, na mtu hurudi baada ya miaka minne au mitano, akakuta nyasi. Mavuno yakipungua hukata mbali zaidi. Nani amemwonyesha njia nyingine? Na mjini, pasipo umeme wa kutegemewa, nani apike bila makala? Hayo ni maswali ya kweli, na atakayeyajibu ni mtu anayejua mambo ya udongo na mambo ya umaskini pamoja. Mti wa sapeli ukianguka ili uwe makala, viwavi wake nao wamekwenda, wale wale ambao kina mama huwauza kwa vikombe sokoni na watoto hupata nguvu kwao. Anayepiga hesabu ya magunia ya makala peke yake amesahau vikombe vile.

Kuna pingamizi moja la watu wa sala. Husema: "Dunia ni ya Mungu, Yeye ataitunza, mambo ya hewa na joto ni kiburi cha wanadamu." Ndugu zetu, Adamu hakuwekwa bustanini alale; alipewa kazi ya kulima na kutunza. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 Laudato Si', alilitaja bonde la Kongo pamoja na la Amazon kuwa mapafu ya dunia. (Wataalamu watatuambia kwamba ni mfano tu: msitu uliokomaa hutumia karibu hewa safi yote unayoitoa. Faida yake kubwa ni ukaa ulioufungia katika miti na udongo, na mvua unayoirudisha mawinguni. Mfano mzuri hauharibiki kwa kuelezwa.) Kama Papa aliona vema kutaja msitu wetu, sisi tulio ndani yake tutasema hautuhusu?

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kazi iko wapi? Hatutawadanganya wazazi. Kazi za elimu hii ni chache, mishahara mingine huchelewa, na wako vijana waliosoma wanaouza vocha za simu. Lakini waliosoma sheria na uhasibu, je, wote wana meza na kiti? Twawajua wengi wasio nayo. Tofauti ni kwamba mji wa Kindu una wanasheria wanaogombea kesi moja, na mto usio na watu wa kuuhesabu.

Tena tuseme wazi: sehemu ya kosa iko upande wa wanaofundisha. Katika madarasa mengi elimu ya mazingira hufundishwa kwa kunakili. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika. Maana ya mazingira, namba moja. Maana ya uchafuzi, namba mbili. Mtihani ukifika anayarudisha yale yale. Nje ya dirisha Lualaba unapita, rangi ya chai ya maziwa, umebeba mchanga wa mashamba na wa migodi, na hakuna hata mtoto mmoja aliyetumwa kuuchota kwa chupa. Wakiulizwa sababu, wakubwa hujibu kwamba hawana vyombo, wanangoja mradi.

Kuna chombo kisichohitaji mradi. Mwaka 1865 padre mmoja Myesuiti, Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota, alipanda merikebu ya Papa iliyoitwa Immacolata Concezione, akateremsha sahani nyeupe baharini kwa kamba. Akaangalia ni kina gani isipoonekana tena. Kina hicho ndicho kipimo cha usafi wa maji. Basi, ni hilo tu. Mpaka leo wataalamu wa maziwa na bahari dunia nzima huteremsha sahani ya Padre Secchi.

Na kama mtu aona kwamba vipimo vidogo havina faida, akumbuke mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023. Mwezi wa Januari 2024 mto Kongo ulifika mita 6.20 pale Kinshasa, nao wakubwa wakasema kwamba haujapanda hivyo tangu mwaka 1961, ulipofika 6.26. Walijuaje? Kwa kuwa mwaka 1961, katikati ya fujo zote za nchi, alikuwako karani aliyeteremka mtoni kila siku kusoma kijiti cha kupimia na kuandika. Kabla ya Uhuru vituo vya kupima maji katika bonde letu vilikuwa mamia. Vilivyobaki vikifanya kazi ni vichache sana. Mto uliwahi kuwa na makarani wengi kuliko ulio nao sasa. Hatuwaombei Wabelgiji warudi! Twataka makarani wetu.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa shule za Kindu, za parokia na za Serikali, pande zote mbili za mto. Nunueni sahani moja nyeupe ya bati na kamba ya mita tano. Toboeni sahani katikati, ifungieni jiwe chini yake, pigeni fundo katika kamba kila sentimita kumi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi wanafunzi wawili, mvulana na msichana, wapande mtumbwi pamoja na Mgenya mzoefu, wateremshe sahani mahali pale pale, upande wa kivuli, wahesabu mafundo mpaka sahani ipotee. Kando yake waandike tarehe, kama mvua ilinyesha jana, na kipimo cha maji katika kijiti watakachokichomeka ukingoni na kukitia alama. Kijiti kikichukuliwa na maji, waandike hilo pia, wachomeke kingine. Shule ya Alunguli isilinganishe majibu yake na ya Kasuku kabla ya kuyaandika. Daftari la kwanza litakalotimiza miezi sita bila Jumamosi iliyorukwa, lileteni kwa Padre wa parokia. Tutaomba lichapwe katika kurasa hizi jinsi lilivyo.